Kamba ya Pima Nne

Kisima cha bibi yangu, Kilwa Kisiwani, kilikuwa na kamba ya pima nne. Naijua vizuri, maana ndiyo iliyonichubua viganja tangu nina miaka saba. Bibi alikuwa amefunga kitambaa chekundu pale inapoishia pima ya tatu. Masika ikichanganya, kitambaa kilizama pamoja na ndoo, naye akasema mwaka huu tutakula mpunga wa kwetu. Kiangazi kikikaza, kitambaa kilibaki juu kinaning'inia, ndoo ikagonga mwamba, na bibi akapiga marufuku kufua kwa maji ya kisima mpaka vuli. Hapakuwa na kalenda nyingine ya maji nyumbani kwetu.

Nimeanza na kamba kwa sababu daftari hili nililiandika mahali ambapo hakuna mtu anayeshika kamba, na swali lililonisumbua siku zote nne nilizokaa huko lilitokana nayo.

Lulu, saa kumi na moja jioni

Nilikuwa narudi nyumbani kutoka kwa binti yangu Uingereza, nikaamua kupumzika Doha nimwone mtoto wa kaka yangu. Ni fundi wa viyoyozi na mabomba katika majumba marefu ya kisiwa wanachokiita The Pearl, yaani Lulu. Treni ya Njia Nyekundu ilinishusha Legtaifiya, nikapanda basi, nikashukia kando ya bandari iliyojaa boti za starehe. Ilikuwa Agosti. Hewa ilikuwa nzito kama mvuke wa chungu cha kujifukizia, na miwani yangu ikafunga ukungu mara tu niliposhuka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Ndiyo joto gani hili?"

"Hili limepoa, shangazi. Ungekuja Julai."

Kisiwa hiki hakikuota, kilimwagwa. Ujenzi ulianza 2004: mchanga na mawe vilijazwa baharini mpaka ikapatikana ardhi ya karibu kilomita za mraba 4, na kwa kuipindapinda wakapata pwani mpya ya kilomita 32. Hapa ndipo mgeni alipoanza kuruhusiwa kununua nyumba Qatar na kuimiliki moja kwa moja. Jina limetokana na kazi iliyofanyika katika maji haya kabla ya mafuta: kuzamia lulu. Kazi hiyo iliporomoka miaka ya 1930, pale lulu za kufugwa za Wajapani zilipojaza masoko wakati dunia nzima ikiwa imefilisika.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa mjini, Msheireb, katika makumbusho ya Bin Jelmood ambayo Waqatar wameyaweka kueleza habari za utumwa. Miongoni mwa waliofungwa mawe miguuni na kushushwa chini kutafuta chaza walikuwamo watu waliochukuliwa kutoka pwani yetu na bara yake. Utumwa ulipigwa marufuku hapa 1952. Basi jioni ile, nilipokuwa natazama maji ya Lulu yalivyotulia, sikuweza kuyaona kama mapambo matupu. Kuna watu wa kwetu waliojua kina chake kwa mapafu yao.

Tukatembea hadi mtaa wa Qanat Quartier. Nyumba zimepakwa rangi za halua: waridi, njano, samawati. Katikati yake inapita mifereji na vidaraja vya kuiga Venice. Maji ya mfereji yako karibu kiasi kwamba ukikaa ukingoni unaweza kuyagusa kwa vidole, nami nikayagusa. Vuguvugu, chumvi tupu. "Qanat" kwa Kiarabu ni mfereji, lakini kwa Waajemi neno hilo hilo ni njia ya chini ya ardhi inayoleta maji matamu kutoka mlimani hadi kijijini. Jina lililokuwa la maji ya kunywa yaliyofichwa, hapa limepewa maji yasiyonyweka yaliyoanikwa. Niliandika hivyo daftarini, kisha nikachomoa noti niliyokuwa nimeiweka kama alama ya ukurasa.

Noti ya rupia mia

Noti yenyewe ni ya India, rangi ya urujuani, ya toleo la 2018. Mgongoni mwake kuna picha ambayo mtu asiyejua atadhani ni hekalu. Ni kisima.

Nilipewa noti ile kama chenji huko Patan, Gujarat, mwaka 2019, nilipokuwa nimempeleka mama Ahmedabad kwa matibabu ya moyo. Madaktari walitaka apumzike siku mbili, naye mwenyewe akanifukuza: nenda ukatembee, uso wako unanichosha. Nikakodi gari kwenda kaskazini, mwendo wa kilomita kama 130.

Ukifika Patan huoni kitu. Kuna bustani, nyasi zimekatwa vizuri, watoto wanakimbizana. Kisha ardhi inafunguka miguuni pako. Rani ki Vav, Kisima cha Malkia, ni jengo lililochomekwa chini: urefu wa mita 64, upana wa mita 20, na kina cha mita 27. Hebu fikiria nyumba ya ghorofa tisa iliyopinduliwa na kuzikwa kichwa chini. Unaingia upande wa mashariki kwa ngazi pana zinazoshuka kuelekea magharibi, hatua kwa hatua, ukipita chini ya kumbi za nguzo zilizopandana, mpaka kwenye birika la mraba, na nyuma yake shimo la kisima chenyewe, la mviringo, lenye upana wa mita 10.

Alikuwapo mzee mmoja kivulini, kazi yake kuwaeleza wageni. Aliponiuliza nimetoka wapi nikamjibu pwani ya Afrika, akatabasamu: babu yake alikuwa na duka Mombasa. Huyo ndiye aliyenifumbua macho kuhusu zile kumbi. Mimi nilidhani ni urembo. Akaniambia hapana mama, ni mihimili. Ukichimba handaki la namna hii, udongo wa pande mbili unataka kukutana. Zile nguzo na boriti za mawe zinazovuka kutoka ukuta hadi ukuta zinauzuia usifumbe. Wajenzi walichukua kitu walicholazimika kukiweka, wakakigeuza baraza za kupumzikia, zenye kivuli na ubaridi. Kadiri nilivyoshuka ndivyo jasho lilivyonikauka.

Na ngazi je? Gujarat hupata mvua miezi michache tu, kuanzia Juni hadi Septemba. Baada ya hapo maji ya ardhini yanashuka, yanashuka, mpaka mvua nyingine. Kisima cha kawaida hukulazimisha kurefusha kamba. Kisima cha ngazi kinakwambia shuka mwenyewe: mwezi wa kumi maji utayakuta karibu, mwezi wa tano utayafuata chini kabisa. Kila ngazi iliyo kavu ni siku ulizokaa bila mvua. Nilisimama katikati ya ngazi zile nikamkumbuka bibi na kitambaa chake chekundu, nikacheka peke yangu. Watu wa Patan walikuwa wamejenga kamba ya mawe.

Aliyeijenga ni mwanamke. Mtawa wa Kijaini, Merutunga, aliandika katika kitabu chake cha 1304 kwamba ni Malkia Udayamati, mjane wa Bhima wa Kwanza, mfalme wa nasaba ya Chaulukya katika karne ya 11. Tumezoea hadithi za wafalme wanaowajengea wake zao makaburi meupe. Huyu mjane alimkumbuka mumewe kwa kuwapa watu maji. Nadhani alijua pia nani atakayeshuka zile ngazi kila alfajiri na mtungi kiunoni, maana kuta zimejaa wanawake. Kuna sanamu kubwa zaidi ya 500, na ndogo zaidi ya elfu. Vishnu amelala juu ya nyoka wake, na maumbo yake mengine yako pale pia. Lakini kila baina ya mungu na mungu amesimama mwanamke: anajitazama kwenye kioo, anapaka wanja, anachomoa mwiba mguuni.

Mmoja wao nilimkalia muda mrefu. Ametoka kuoga, anakamua nywele. Miguuni pake kuna ndege, shingo ameinyoosha juu, anadaka matone yanayodondoka.

"Anadhani ni lulu," mzee akasema.

Kisima kile hakikupona kwa kutunzwa. Kilipona kwa kusahauliwa. Mto Saraswati ulifurika, ukakijaza matope, na kwa karne nyingi kikabaki bonde la udongo lenye nguzo chache zilizochomoza. Mwishoni mwa karne ya 19 wataalamu wa mambo ya kale, Burgess na Cousens, walikuta shimo la kisima na mabaki machache tu. Kazi ya kukifukua ilikuja baadaye, na ile kubwa ya kukirudishia umbo ikafanywa na Idara ya Mambo ya Kale ya India katika miaka ya 1980. Yale matope yaliyowanyima watu maji ndiyo yaliyozihifadhi nyuso za wale wanawake zisiliwe na mvua wala kuvunjwa na mikono.

Visima vingine vya namna hiyo, na Gujarat ilikuwa navyo kwa mamia, viliuawa na bomba. Wakoloni wa Kiingereza hawakuvipenda: watu walikanyaga maji wanayokunywa, na maji ya kukanyagwa hueneza mnyoo wa Guinea. Katika hilo hawakukosea. Nasema hivyo kwa sababu mimi ni mtoto wa kisimani. Mtalii anashuka ngazi za Patan mikono mitupu, anapiga picha, anapanda. Mimi nilipopanda niliziweka ngazi zile kichwani pamoja na ndoo ya lita 20, na magoti yakanijibu.

Mkutano wa Doha

Mpwa wangu aliitazama noti, akaigeuza, akaniuliza kwa nini nimeibeba mpaka huku. Nikamwambia: kwa sababu karatasi za kisima hiki zilipitishwa hapa hapa Doha.

Ndivyo ilivyokuwa. Juni 2014 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilifanya kikao chake cha 38 katika jiji hili, katika Kituo cha Mikutano cha Taifa cha Qatar, jengo ambalo mbele yake paa limebebwa na chuma chenye umbo la matawi ya mti wa mkunazi. Katika kikao hicho Rani ki Vav kikaingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia. Na kikao hicho hicho kilikuwa na mambo mawili ya kwetu mezani. Pori la Akiba la Selous likatiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya ujangili wa tembo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyokuwa kwenye orodha hiyo ya hatari tangu 2004, yakatolewa.

"Kumbe sisi na hao Wahindi tulitoka kikao kimoja," mpwa wangu akasema, kama anazungumzia wagonjwa wa wodi moja.

Si mara ya kwanza sisi na wao kukutana. Vitambaa vya Khambhat na shanga za akiki za Gujarat zilishuka Kilwa, na dhahabu ya Sofala ikapita Kilwa kwenda upande wa pili. Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijijengea kwenye mwamba juu ya bahari kasri la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331, wakati wa sultani huyo. Na sehemu ambayo kila mgeni anaoneshwa pale Husuni Kubwa ni bwawa la kuogea la pembe nane, limechongwa wazi, bahari mbele yake.

Utotoni tulicheza ndani ya bwawa lile likiwa kavu. Hatukujiuliza maji yalitoka wapi. Sasa najiuliza. Kisiwani hakuna mto. Mvua inapenya kwenye mwamba wa matumbawe na kuelea chini kwa chini juu ya maji ya bahari, kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichota kwa kiasi, unapata matamu. Ukichota kwa pupa, chumvi inapanda. Kwa hiyo kila tone la bwawa la sultani lilivutwa na mikono ya mtu, likabebwa na mtu, na kisima kilichotoa maji hayo kilijua kimetoa kiasi gani. Sultani huenda hakujua. Aliyeshika kamba alijua.

Daftarini niliandika mistari mitatu:

Patan: unayafuata maji.
Kisiwani: unayavuta.
Lulu: yanakuja yenyewe. Kutoka wapi?

Chini ya jengo

"Hilo la tatu naweza kukujibu," mpwa wangu akasema, "lakini chumba cha pampu huruhusiwi kuingia." Akanipeleka mpaka anapoweza. Tukaacha lifti, tukashuka kwa ngazi za dharura kwenda maegesho ya magari ya chini. Nilizihesabu, mazoea tu: ngazi 38, saruji iliyopakwa rangi ya kijivu, hakuna hata maua ya kuchorwa. Kila ghorofa ina mlango mzito unaojifunga wenyewe. Chini kabisa kulikuwa na mlango wa chuma wenye maandishi mekundu, na nyuma yake mngurumo mmoja usiokatika.

Nikaweka kiganja mlangoni. Unatetemeka.

Akanieleza kwa kunyoosha vidole kwenye mabomba yaliyopita darini. Haya manene yaliyovishwa makoti ni ya maji baridi ya viyoyozi. Kiwanda kimoja hapa kisiwani, cha kampuni ya Qatar Cool, kinayapoza na kuyasukuma chini ya barabara hadi kila mnara. Yakishanyonya joto la vyumba yanarudi kupozwa tena. Kilianza 2010 kikiwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani, uwezo wake tani 130,000 za ubaridi.

"Tani za ubaridi ndiyo nini?"

"Kipimo cha zamani, cha enzi za barafu, shangazi. Tani moja ni ubaridi unaotolewa na tani moja ya barafu ikiyeyuka kwa siku moja."

Nikajaribu kuona tani 130,000 za barafu zinapakuliwa kila siku kwenye kisiwa hiki, nikashindwa.

Yale mabomba membamba ndiyo ya maji ya kutumia. Hayo yanatoka baharini. Qatar haina mto wala ziwa, na karibu maji yote ya majumbani hutengenezwa: maji ya Ghuba huchemshwa na mvuke wake kukusanywa, au husukumwa kwa nguvu kwenye chujio laini linalozuia chumvi. Yanayobaki, machungu zaidi, hurudishwa baharini. Kabla ya hapo nchi hii iliishi kwa visima kama sisi. Al Zubarah, mji wa wafanyabiashara wa lulu ulioko kaskazini magharibi, ulitegemea sana visima vya Qal'at Murair vilivyokuwa nje ya mji.

"Sasa niambie," nikamwuliza, "hapa maji yana kina gani?"

Akacheka. "Hapa hatuangalii kina, shangazi. Tunaangalia presha. Presha ikiwa sawa, maji yapo."

"Na yakikatika huko yanakotoka?"

Hakucheka tena. Mwaka 2017, majirani walipofunga mipaka ghafla, watu wa Doha walikimbilia madukani. Baada ya hapo neno hili la maji ya akiba likawa la kila mtu. Desemba 2018 serikali ilizindua matangi makubwa ya saruji, sehemu tano tofauti, kwa lengo la kuwa na akiba ya siku saba.

Siku saba. Niliiandika. Ndiyo kamba yao, nikajisemea, ila imefungiwa ofisini. Anayeoga ghorofa ya ishirini hawezi kuona kitambaa chekundu kikipanda.

Sitaki mtu anisome vibaya. Sina hamu ya kurudi kwenye ndoo. Maji yanayopanda hadi ghorofa ya ishirini bila kumchubua mtoto wa miaka saba viganja ni neema, na nikiulizwa nichague kati ya ngazi za Udayamati na bomba la mpwa wangu, kwa matumizi ya kila siku nachagua bomba kabla swali halijaisha. Kinachonisumbua ni kwamba tulipotua ndoo tuliitua na kamba pamoja nayo. Patan, binti wa miaka kumi alijua mwaka umekaaje kwa kuhesabu ngazi kavu. Kisiwani nilijua kwa kitambaa. Hapa wanaishi watu wenye shahada mbilimbili, na anayejua ni mshale wa mashine.

Matone

Tulitokea juu upande wa nyuma wa jengo, kwenye uchochoro wa kupitishia taka. Kiyoyozi cha banda la walinzi kilikuwa kinadondosha maji yake: tone, kimya, tone. Hewa ya Agosti ina unyevu mwingi, chuma ni baridi, kwa hiyo kinatoa jasho. Chini palikuwa na kidimbwi cha ukubwa wa sahani, na pembeni yake ndege mmoja wa kahawia mwenye kingo za njano machoni, wale ambao asili yao ni Bara Hindi na sasa wamejaa Ghuba nzima. Hakuwa na habari na kidimbwi. Alinyoosha shingo, akangoja, akadaka tone likiwa hewani.

Sikumwambia mpwa wangu kitu. Nilisimama nikamwangalia yule ndege mpaka akaruka.

Usiku tulikula wali na samaki kwenye chumba anachokaa na wenzake wanne, ng'ambo ya kisiwa, maana Lulu anaihudumia tu, halali huko. Mmoja wao ni Mganda, wawili Wakenya, mmoja wa Nepal. Walinikirimu vizuri. Wakati ananirudisha hotelini, mpwa wangu akakaa kimya muda mrefu, halafu akauliza jambo ambalo sikutegemea kutoka kwa mtu aliyekaa miaka sita anatazama presha.

"Shangazi, kamba ya kwa bibi siku hizi ina pima ngapi?"

"Ulipoondoka ilikuwa nne."

"Na sasa?"

"Tumeiunga. Nne na mkono mmoja."

Akapiga hesabu kimya kimya, mkono wake mwenyewe ameunyoosha mbele yake, kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole.